Karatasi Tulizotwanga Darasa la Nne

Juzi mwanangu alirudi kutoka shuleni hapa Junda akaniambia mwalimu wao ataka kila mtoto apeleke karatasi kuukuu, wafundishwe jinsi karatasi inavyotengenezwa. Nilikuwa nasonga ugali. Niliepua sufuria nikakaa kitako, kwani wajua tena, kuna maneno madogo yanayomrudisha mtu mbali.

Sisi nasi tulifundishwa somo hilo, katika shule iliyokuwa karibu na Mwakirunge. Asubuhi tulisikia mawe yakipasuliwa machimboni, na upepo ulipogeuka, moshi wa jaani uliingia darasani tukakohoa mpaka saa ya kula muhogo wetu wa kuchemsha. Mwalimu wetu wa sayansi, mama mwenye sauti ya taratibu, alituagiza karatasi, kisha akaja kwetu kuazima kinu. Nyanya alikitoa shingo upande.

"Kinu changu cha mpunga mwende mkakitwangie magazeti?"

Lakini alikitoa.

Karatasi zetu hazikutosha. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa na mama aliyeokota chupa na maboksi pale jaani. Mama huyo akaja na gunia zima kichwani, akalitua mlangoni, akarudi nyuma.

"Karibu ndani, mama," mwalimu alimwambia.

"Hapa panatosha, mwalimu. Nguo zangu zanuka."

Baadhi yetu walikwisha kuziba pua. Rafiki yangu aliinamisha kichwa. Mwalimu alitoka, akamshika mama yule mkono, akamwingiza, kisha akatutazama. Tukasimama sote.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, wanangu."

Siku ile tulichanachana karatasi tukazitia majini mpaka zikalainika. Mama yule alishika mchi akatwanga nasi, huku akituimbia wimbo wa kutwangia wa kwao, mpaka zikawa uji mzito wa kijivujivu. Uji ule tuliumimina kwenye beseni la maji, tukauchota kwa wavu wa dirisha uliopigiliwa kwenye mbao, tukaacha maji yachuruzike, tukaugeuzia juu ya leso kuukuu na kuuanika. Jioni zilikuwa karatasi kweli, nzito, zenye mabonde. Mama yule aliipapasa moja, akacheka.

"Kumbe kitu kikitupwa hakijafa!"

Rafiki yangu alikuwa akimtazama mamake kama mtu amwonaye kwa mara ya kwanza.

Masika yakaja. Asubuhi moja lundo la taka lililokwisha kulowa liliporomoka likamfunika mama yule. Wenzake walimfukua kwa majembe na kwa mikono, wakamkuta amekata roho. Sisi tulikuwa kwenye hesabu. Mjomba mtu alikuja kumwita rafiki yangu mlangoni, naye akatoka bila kuchukua mkoba wake.

Walimzika kwao, Kaloleni. Baada ya matanga rafiki yangu alikuja kuuchukua ule mkoba, amenyolewa nywele, gauni limempwaya.

"Mwalimu," alisema, "naomba karatasi moja katika zile. Nataka niandike jina la mama. Picha yake hatuna."

Mwalimu alimpa zote. Wino wa kalamu ulitawanyika, basi akampa penseli. Karatasi ya kwanza ilichanika. Kwenye ya pili aliandika polepole, herufi moja moja, akibonyeza, nasi tumemzunguka. Ndipo tulipolijua jina la mama yule, maana sote tulikuwa tukimwita mama wa fulani tu. Mjomba aliita kutoka nje. Rafiki yangu akazikumbatia kifuani, akaenda. Tulisikia amepelekwa kwa nyanyake huko huko Kaloleni, na kwamba hakuendelea na shule.

Mwalimu alikirudisha kinu mwenyewe, amekiosha. Somo lile hakulifundisha tena tulipokuwa pale. Nyanya ametangulia mbele ya haki, mwalimu alihamishwa sijui wapi, rafiki yangu sikumwona tena, na jaa limepanda mpaka laonekana kutoka barabarani.

Nilimkusanyia mwanangu magazeti, nikayafunga kwa kamba. Akaniuliza nawaza nini. Nilikuwa najaribu kulikumbuka lile jina. Nakumbuka herufi zilivyopinda, nakumbuka penseli ilivyokwaruza. Jina lenyewe limenitoka, na sina wa kumuuliza.