Mbu hawamgusi mume wangu wala mwanangu: yaliyotukuta Segese

Wakuu, poleni na majukumu. Huwa nasoma nyuzi za wenzangu na kucheka, leo naleta wangu. Sijaongeza chumvi, maana yenyewe ilikuja na chumvi ya kutosha.

Nimezaliwa Makete kwenye baridi. Mbu nilikuwa namsikia darasani.

Nikaolewa na Msukuma, tukahamia Segese. Mume wangu anaendesha karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Nyuma ya nyumba kuna mashimo ya kuoshea mawe, yamejaa maji mwaka mzima, na mbu wa pale wana afya kuliko mimi.

Wiki za kwanza waliniuma lakini sikuvimba kabisa. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Didia kukaa nasi, akanisifu kwa majirani.

Sifa hazikudumu. Baadaye kila nikiumwa navimba, najikuna hadi natoka damu. Mume wangu ngozi safi, hana hata doa.

"Sisi kwetu damu chungu," alikuwa anasema huku kaninyooshea mkono nione. "Mbu akinionja anatema."

Ukoo mzima wanaamini hivyo. Mimi mtu wa viazi vya Makete ningebishana na nani?

Nikajifungua binti, tukamwita Kabula. Kliniki nikapewa chandarua, nikamlaza humo kama mtoto wa rais. Alipoanza kula uji akahamia kulala na bibi yake, na chandarua akahama nacho.

Bibi kila asubuhi alikuwa anamkagua. Shavu laini, mguu laini, hakuna kipele.

"Huyu ni wa kwetu," akatangaza.

Siku moja narudi sokoni, nakuta chandarua kimefunika vifaranga uani. Nikauliza kwa heshima zote, "Mama, mbona hivi?"

"Vifaranga mwewe anawaona, mwanangu. Kabula mbu hawamuoni."

Nikamwambia mume wangu. Akanijibu, "Mama kalea wangapi, wewe umelea wangapi?"

Nikarudi kwenye sufuria yangu jikoni. Hapa wanawake wenzangu mnanielewa.

Haukupita muda Kabula akachemka. Uji hataki, kunyonya hataki, viganja vimekuwa vyeupe. Tukapanda bodaboda mimi na bibi yake hadi kituo cha afya, baba yake akatukuta huko. Malaria, na damu imeshuka. Wakuu, niliogopa. Nilikaa kwenye lile benchi naangalia dripu, nikawa namwomba Mungu achukue chochote aniachie yule mtoto.

Daktari, dada mmoja mpole, akauliza kama mtoto analala kwenye chandarua.

Mama mkwe akajibu kwa fahari: "Huyu mbu hawamuumi, daktari. Mwangalie ngozi!"

Daktari akaangalia, kisha akakaa.

"Mama, shikamoo. Mbu kabla hajanyonya anatema mate. Akitoboa, mwili wako unataka kuziba: mshipa unabana, damu inaganda. Kwenye mate kuna protini za kuzuia hayo yote. Vizazi na vizazi mbu wamezinoa kwa kazi hiyo, maana mbu ambaye damu ilimgandia mdomoni hakuacha wajukuu wengi. Na mdudu wa malaria anaingia na mate hayo hayo."

"Sasa mbona havimbi?"

"Kuvimba ni mwili umeyatambua mate, unapiga kelele. Mtoto bado hayajui. Aliyeumwa tangu azaliwe, mwili wake umechoka kupiga kelele. Lakini wote wanaumwa."

Nikakumbuka zile wiki zangu za kwanza za ushujaa.

Akashauri tupimwe wote. Mimi mwenye mabaka mwili mzima, sina kitu. Mume wangu, damu chungu, amesimama wima hana hata homa: malaria anayo. Daktari akasema mwili wake umeizoea, lakini mbu akimnyonya anaondoka nayo kumpelekea mwingine. Jamaa akauangalia mkono wake, ule ule aliokuwa akininyooshea.

Mungu mkubwa, Kabula akapona. Nyumbani hakuna aliyeomba msamaha, kwetu hilo halina utaratibu. Mama mkwe alikifua tu chandarua, akakifunga juu ya kitanda.

Miezi imepita. Asubuhi moja naenda kumwamsha Kabula, nakuta shavuni kipele kikubwa chekundu, anajikuna analia. Nilifurahi, wakuu: mwili wake sasa umeyajua mate, unapiga kelele. Nadhani ni mimi pekee kwenye halmashauri yetu nzima ya Msalala niliyewahi kushangilia kipele cha mwanangu.

Bibi akaja mbio, akakitazama, akashusha pumzi.

"Basi," akasema. "Amekuwa wa kwenu."

Kisha akaleta sindano na uzi, akapanda kitandani, akaanza kulitafuta tundu kwenye chandarua.

Nilichojifunza: ngozi safi siyo cheti. Mbu fundi ni yule ambaye hujui kama amepita.

Karibuni mchangie, wenye damu chungu mwanze. Ila kapimeni kwanza, ndiyo mje kubisha.