Paa la Mama Mkwe na Mvua ya Mawe

Huku kwetu Balangdalalu barafu tunaijua ile ya friji ya dukani. Kwa hiyo mvua ya mawe iliponyesha mchana ule na kuacha uwanja mweupe kama umemwagiwa unga, watu walipoteza akili. Sitanii. Alizeti imelala chini, maharage yamechanikachanika, na watu wazima na familia zao wanapiga picha. Mwalimu wa shule yetu, mtu wa Pwani, alivaa makoti mawili akawapigia ndugu zake simu ya video: "Theluji! Theluji imeanguka Hanang!" Theluji gani? Jirani yangu mmoja alijaza barafu kwenye beseni, akaifunika kwa kanga, eti aitunze mpaka Jumapili awaonyeshe wa kanisani.

Mimi nilikuwa na shida moja tu, paa la mama mkwe.

Mama mkwe anakaa jirani nami, kwenye nyumba ya tembe aliyojengewa na marehemu mume wake. Paa lake ni bapa, la miti na udongo. Kwenye bati langu barafu iliteleza ikaanguka. Kwake ilikaa palepale, nene, ikaanza kuyeyuka na kulowesha udongo. Boriti ya katikati ilikuwa imeshapinda, na yeye yuko ndani anaota moto. Mume wangu alikuwa mnadani.

Nikachukua jembe niikwangue barafu ile.

"Weka hilo jembe," mama mkwe alisema kutoka dirishani.

Kwa mila yetu ni mwiko: siku ya mvua ya mawe jembe haligusi ardhi mpaka kesho yake. Nalijua hilo, nimezaliwa Mbulu, nimelelewa nalo. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, hili ni paa, siyo shamba."

"Limejengwa kwa nini?"

"Kwa udongo, mama."

"Basi."

Nilitaka kupiga kelele, lakini mama mkwe unampigiaje kelele? Nikawaita majirani wanisaidie kumshawishi. Wakashusha simu zao, wakalitazama paa, wakaanza kujadiliana kama wako kwenye baraza la ardhi. Mmoja akasema udongo ukishapandishwa juu siyo ardhi tena. Mwingine akauliza, mbona majani yanaota pale? Mwishowe wakakubaliana kwamba mama anasema kweli, wakarudi kwenye picha zao. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Basi toka, mama, ukae kwangu mpaka iyeyuke."

"Nitoke kwangu kwa sababu ya mvua?"

Nikaona hapa maneno yamekwisha. Ungo wake ulikuwa umetundikwa nje. Nikauchukua, nikapanda juu ya kinu cha kutwangia kilichokuwa kando ya ukuta, nikaanza kukomba barafu upande ninaoufikia. Ungo siyo jembe. Mwalimu angalau aliona haya, akaja na beseni. Vidole vilikufa ganzi. Nilikomba huku nikiwasema kimoyomoyo wote: mama mkwe, majirani, mume wangu na mnada wake.

Ndipo mama mkwe akatoka mbio, fimbo mkononi.

"Ungo wangu! Unakwangua mawe kwa ungo wangu?"

"Shikamoo, bibi," mwalimu alisema kwa woga.

"Marahaba," akamjibu bila kumtazama. Alikuwa ameshaushika ungo, tunavutana, boriti ilipokatika. Katikati ya paa ikashuka yote ndani, na moshi na vumbi vikatoka mlangoni. Majirani wakaja mbio, wengine simu bado zikiwa hewani.

Kwa miaka mingi nilimwomba aihame nyumba ile, nikaambiwa nina haraka ya kumzika. Sasa imeanguka, na sikufurahi hata kidogo. Yeye hakulia wala hakunilaumu. Alitazama pale mumewe alipomjengea, akageuka, akatembea polepole mpaka kwangu.

Tangu niolewe, nyumbani kwangu amekuwa akiingia bila kumwuliza mtu, akifunua sufuria zangu na kukosoa chumvi yangu, na mara nyingi nimekasirika. Siku ile alisimama nje ya mlango, akajifuta miguu, akasema kwa sauti ndogo, "Hodi."

Hasira zote zikaniishia. "Karibu, mama," nikasema, nikampokea fimbo.