Pumzi Kumi za Mama Bilonda

Watu wa Kolwezi wakihesabu mashujaa wao, hutaja wachezaji mpira. Mimi namtaja Mama Bilonda, mwalimu wangu wa darasa la tano, na anayebisha aje tubishane.

Mwaka 1975, kila asubuhi tulikiimbia na kukichezea ngoma chama tawala mbele ya bendera, kisha tukaingia darasani tukitoka jasho, vichwa vikivuma. Hapo Mama Bilonda alitukalisha kimya, macho tumefumba, tuhesabu pumzi kumi. Ndipo alipoanza kufundisha. Hilo alilipata kwa baba yake, Tshilombo, fundi wa baruti mgodini, ambaye hakugusa utambi kabla moyo haujatulia. Fundi wa baruti akisahau idadi ya matundu ya mwamba aliyoyajaza baruti, anazikwa.

Siku moja mkaguzi wa shule, Mukalay, alitufuma tumefumba macho. Serikali ilikuwa imeondoa dini shuleni, naye akadhani amekamata sala. Akamwita "raia" kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoagiza watu waitane:

"Citoyenne, uko nasalisha batoto mu masomo?"

"Hapana, Citoyen. Tuko napumua tu, ili bitu bikamate mu kichwa."

Mkaguzi akacheka. Akasema atasoma maneno kumi na mawili, mara moja tu. Mtoto mmoja akiyarudia yote baada ya mapumziko, kesi imeisha. Akishindwa, Mama Bilonda afunge virago.

"Chagula mutoto moya."

Sote tulimgeukia Swedi, wa kwanza darasani miaka yote. Mama akaita, "Asia!"

Asia ni mimi. Wa mwisho. Nyumbani nilitumwa chumvi nikarudi na sabuni. Dakika ile nilimchukia mwalimu wangu, nasema kweli. Mukalay akayasoma maneno yake, kisha tukatoka nje.

Baada ya mapumziko nilisimama, nikavuta pumzi zangu kumi huku mkaguzi akigongagonga meza kwa kalamu. Nyundo, kapu, daraja... Nilifika la tisa nikakwama. Nilimtazama Mama anisaidie, wapi! Alikuwa amefumba macho, anapumua zake. Nami nikapumua. Likaja: kibiriti. Na mengine yakafuata.

Mukalay aliangalia daftari lake mara mbili, akalifunga, akatoka bila kuaga.

Wenzangu walipiga vigelegele, mimi nikalia.

"Mama, juu ya nini haukuita Swedi?"

Akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Swedi alikuja na kichwa yake. Weye ndjo kazi yangu."