Swali Alilolijibu Hapana

Tangu biashara huria ituletee kompyuta za mitumba, Lushoto nayo ina fundi wa kernel. Kernel ndiyo programu iliyo moyo wa mashine, na hujengwa kwa kujibu mamia ya maswali: ndiyo au hapana. Jumanne asubuhi nilimkuta na mjane kutoka Magamba, aliyeleta kijisanduku cha kielektroniki ambacho marehemu mumewe alikitumia kuandikia mvua ya msituni kila siku.

"Hamna kitu humu," fundi alisema, akiwa amekiunganisha na kompyuta yake.

"Aliandika mpaka siku ya mwisho, mwanangu."

Fundi akajikuna kisogo. Alipoijenga kernel ya kompyuta yake, swali la mfumo wa faili wa kumbukumbu ya flashi, chipu ya kuhifadhia maandishi, hakulielewa, akalijibu hapana. "Chipu ipo, mama. Mashine tu haikujengwa kuiona."

Safari hii akajibu ndiyo, akaijenga upya huku tukinywa chai. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini: mvua, upepo, na kila siku neno lilelile, "Nimeamka salama." Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya leo: "Ukungu mpaka mlangoni. Nimeamka salama."

Nikageuka. Ukungu ulikuwa mlangoni.

"Saa ya kijisanduku imeharibika," fundi alisema haraka, "tarehe zimeruka."

"Zikaruka, zikatua leo?" nilimuuliza.

Kwetu salamu haiachwi bila kujibiwa. Mama alijifunga khanga vizuri, akaiinamia skrini. "Nami nimeamka salama, mume wangu."

Mimi hujibu hapana kwa kila nisichokielewa. Lakini fundi aliponyoosha mkono kuizima ile mashine, mimi ndiye niliyemshika mkono.