Chiriku Kwenye Kamba ya Nguo

Enzi zetu kule mtaa wa Jamhuri, filamu ya kamera ilikuwa na picha thelathini na sita, na thelathini na nne kati ya hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa za Krismasi, za ubatizo, za wageni kutoka mashambani waliopangwa mstari mbele ya redio kubwa ya sebuleni. Baba hakuwa mtu wa kupeleka filamu mjini kabla haijaisha. Zikibaki picha mbili, alinikabidhi kamera na kusema, "Kamalizie filamu, lakini usinipigie ukuta." Nami nilijua pa kumalizia: nyuma ya jikoni, penye ua wa miiba ya kayaba, walikokuja chiriku, wale ndege wadogo wa manjano walioimba kuishinda kwaya ya kanisa letu.

Wenzangu mnaikumbuka subira ile. Unachuchumaa mpaka miguu inakufa ganzi, harufu ya maharagwe inatoka dirishani, ndege anakuja, anageuka, anakupa mkia. Ukibonyeza ovyo, basi, mpaka Krismasi ijayo. Vijana wa leo wakingoja sekunde tatu picha ifunguke, wanadhani simu imekufa.

Siku moja chiriku alitua kwenye kamba ya nguo, karibu kabisa, akaanza kuimba. Nilikuwa nimebakisha picha moja. Nyuma yake mama alikuwa akianika.

"Mama, toka! Utaniharibia!" nilinong'ona kwa hasira.

Alicheka, pegi ya nguo ikiwa mdomoni, akasimama palepale akinitazama. Nikabonyeza. Picha ilipotoka studio nilinuna wiki nzima, maana ndege alikuwa safi lakini nyuma yake mama alikuwa ukungu mtupu. Mama alisema tu, "Basi, siku nyingine nitaanika upande ule mwingine."

Sikujua kwamba nilikuwa nimepiga picha pekee ya mama katika nyumba ile. Siku zote za picha yeye alikuwa jikoni, akiwapikia waliokuwa wakipigwa. Ile ya kitambulisho nayo ilienda na kitambulisho chenyewe, tulipokirudisha serikalini baada ya kumzika.

Sasa nina lenzi ndefu kama mkono wangu. Jumamosi nazurura chini ya miti ya mtaa wa Parklands, napiga picha mia sita za ndege mmoja, kisha nakaa mbele ya kompyuta nikifuta vijiti, nyaya na madoa mpaka macho yaniwashe. Nimechoka, nakiri. Nyingi nazitupa, na hizo chache ninazobakisha siwezi kukumbuka ni ndege yupi aliyeimba na yupi aliyenyamaza.

Mwezi uliopita nilimpa binti yangu Njeri ile picha ya zamani aiskani na kuisafisha, nipate kuitundika sebuleni. Aliniletea kompyuta yake akitabasamu. Manjano ya chiriku yaling'aa, na nyuma yake kulikuwa na kijani laini, hakuna kingine.

"Dad, nimekutolea hiyo blur yote. Si sasa imetoka fiti?"

"Njeri, huyo ni cucu yako, mama yangu."

"Woi! Mimi nilidhani ni shuka." Akaisogelea kompyuta. "Pole, Dad. Lakini si wewe huniambia background iwe clean?"

Ni mimi. Iliniuma. Tukairudisha picha ya mwanzo, tukakaa nayo jioni nzima. Nilimwambia aachane na ndege, amtafute mama. Alikaza mistari ya picha, akang'arisha, akajaribu kila ujanja anaoujua. Pegi ikaonekana kidogo, uso ukakataa. Akasema anaweza kuiambia kompyuta imchoree uso. Nikamwambia aache tu, huo ungekuwa uso wa mtu mwingine.

Aliponiachia kompyuta niliendelea kuikodolea macho peke yangu. Leo nina maelfu ya ndege humu ndani, kila unyoya unahesabika, na nikikosea nafuta napiga tena. Wakati ule nilikuwa na picha moja tu, na mama amesimama hatua nne mbele yangu akicheka, nami nikalenga ndege.