Kichwa cha mchumba wangu kilikuwa kinauma kwetu tu

Wakuu na wadada wa humu, poleni na majukumu. Kuna jamaa jana kasema anameza dawa za maumivu kila siku na hajui kichwa kinamuuma kwa nini. Nimecheka peke yangu jikoni. Hiki kisa ni changu, chumvi sijatia hata chembe.

Miaka ya tisini mwanzoni, Vingunguti. Mie binti wa Kizaramo, yeye Rashidi, kijana wa Kimakonde wa Kipawa, muuza mitumba. Alileta posa. Baba hakukubali wala hakukataa, akasema, "Aje tule naye kila Ijumaa, nimtazame kwanza."

Rashidi akawa anakuja kapendeza: shati jeupe, miwani ya fremu nene, utasema karani wa benki. Sokoni sikuwahi kumwona na miwani, nikadhani anaogopa itavunjika.

Basi akishaketi kwetu tu, pilau halijapoa, kichwa kinaanza. Anafumba macho, jasho linamtoka, anaacha nyama. Anaacha nyama Vingunguti, kwenye machinjio, jamani! Akirudi kwao, mzima kabisa.

Shangazi yangu akatoa hukumu: "Nyumba imemkataa huyo. Wazee wa humu hawamtaki."

Nililia. Yule mtu nilimpenda mpaka nikawa natabasamu nikiosha masufuria. Na Shangazi alishamshauri baba arudishe posa.

Enzi zile kila kichwa kikiuma ni malaria. Rashidi akameza klorokwini, ile dawa ya malaria iliyokuwa inawasha mwili mzima, bila kupima. Ijumaa iliyofuata akaja na kichwa chake, pamoja na muwasho! Anajikuna mbele ya baba huku kafumba jicho moja. Shangazi alitoka nje, sijui kucheka au kusoma dua.

Nikamburuta zahanati. Daktari akamuuliza: kilianza ghafla? Una homa, shingo inakaza? Unatapika? Mkono au mguu umelegea? Umegonga kichwa popote? Yote hapana.

"Sasa kinakuuma ukiwa wapi?"

"Kwa wakwe."

Daktari akajizuia kucheka. "Huko kwa wakwe unafanya nini usichokifanya kwingine?"

Rashidi akainamisha uso, akatoa miwani mfukoni. Daktari akaijaribu, akashika meza asianguke.

"Ya nani hii?"

"Niliikuta kwenye koti, ndani ya belo la mitumba."

Wakuu! Miwani ya mtu asiyeona hata mlango wake, kaivaa mwenye macho mazima ili baba amwone msomi! Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia.

Halafu daktari akatutuliza. Akasema kichwa cha uchovu na mawazo kinabana kama kilemba, ukipumzika na kunywa maji kinaachia. Kipandauso kinagonga, mara nyingi upande mmoja, na kichefuchefu, na mwanga unakera. Kikijirudia, nenda ukaonwe.

Ila kichwa kikali cha ghafla ambacho hujawahi kukipata, au chenye homa na shingo ngumu, au mtu anachanganyikiwa, anapata degedege, mdomo unapinda, mkono unalegea, au kagonga kichwa, usilale nacho. Hospitali hapohapo. Mjamzito anayeona maruweruwe naye asisubiri.

Ijumaa ikafika. Rashidi akaja uso mtupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Miwani iko wapi?"

Akasema yote. Mie nyuma ya pazia nimeng'ata khanga. Baba akanyoosha kidole kwenye kalenda ukutani.

"Soma yale maandishi madogo ya chini."

Rashidi akayasoma yote, mpaka jina la mchapaji.

"Kumbe unaona!" baba akasema. "Mie habari za nyumba kukataa watu sikuzishika. Kilichonizuia ni hiyo miwani. Nikasema, kijana macho yamekufa hivi, si binti yangu atamshika mkono mpaka uzeeni?"

Palepale akaagiza mshenga aitwe. Rashidi akala nyama yote, na ya Shangazi akaimaliza.

Funzo langu: kichwa kikiuma usikimbilie vidonge, jiulize kwanza kinaanza ukiwa wapi na unafanya nini. Na zile dalili mbaya msizifanyie masihara, nendeni hospitali.

Haya, nyie wengine vichwa viliwauma kwa sababu gani za ajabu? Shusheni visa tucheke.