Mama Mizani haongezi hata farasi mmoja

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Gari la bluu limefungwa mikanda minne sakafuni, magurudumu yake ya nyuma yamekaa juu ya rola za chuma. Ndani yake mwanamke wa miaka hamsini na mbili anavaa viziba masikio, anaweka gia ya nne, kisha, kwa mara ya tatu, anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari linanguruma, vioo vya ofisi vinatetemeka, na haliendi popote.

Anapoachia, watu waliojazana mlangoni wanageukia kompyuta. Mstari mwekundu umeishia 291.

"Mia mbili tisini na moja?" Mwenye gari, mwoka mikate ambaye bado ana unga kwenye viatu, anachomoa karatasi mfukoni. "Mama, kule walikonifungia tabo wameniandikia mia tatu themanini. Mashine yako inanibania!"

"Mashine haina mkono wa birika, mwanangu," anajibu mama huyo bila kupandisha sauti. "Inasema ilichokiona."

Huyu ndiye Mama Mizani. Kazi yake ni kupima nguvu za farasi za magari ya mbio, kabla na baada ya kufungwa tabo mpya, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini. Wateja humlipa ili wajue wamepata nini. Shida ni kwamba wengi wao huja na jibu lao kutoka nyumbani.

Asubuhi hii ana sababu ya kuogopa. Mwenye karakana, ambaye ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, ameshapata mnunuzi wa mashine. Mnunuzi huyo alishakuja hadi na futi kamba kupima upana wa mlango. Mwezi uliopita yalipanda magari manne tu, na ili mashine ijilipe yanatakiwa kumi na mawili. Mwoka mikate anajulikana na madereva wote wa mashindano. Akiondoka amenuna, Jumatatu mashine inabebwa.

"Nilimwambia, shemeji, ongeza asilimia kumi tu, nani atajua?" anasema mwenye karakana, akicheka kwa aibu. "Akaniangalia kama nimemwambia amuuze mama yake."

Jina la Mizani alikuja nalo kutoka ghalani, alikopima magunia ya nafaka kwa miaka tisa. Siku moja aliamriwa aandike kilo tisini mahali alipoona themanini na tatu. Alikataa, akaachishwa kazi. Kwa miezi minane alifua nguo za watu huku akilea watoto watatu, mpaka shemeji alipomwita aje apokee wateja. Mashine ilipoletwa, mafundi waliigombania siku mbili, wakashindwa na kitabu chake cha maelekezo. Yeye alikisoma chote, jalada hadi jalada.

Si kwamba hakosei. Mwaka wa kwanza alining'iniza kipimajoto cha mashine karibu na rejeta, pale injini inapotolea joto. Kompyuta ikadhani chumba kizima kinaungua, ikawa inaliongezea gari nguvu ili kufidia joto. Mteja mmoja akaondoka na farasi ishirini na wawili wa hewani.

"Niligundua ameshaondoka. Kesho yake nikamfuata kazini kwake, mbele ya wenzake, nikamwomba anirudishie karatasi," anasimulia. "Alinikasirikia huyo! Lakini alirudi."

Tangu hapo kipimajoto chake huning'inia kwa uzi ukutani, mbali na injini. Na kila gari hulikimbiza mara tatu: ya kwanza haihesabiwi, na katika mbili zilizobaki huandika iliyo ndogo. Ukitaka kumuudhi, mwombe aandike kubwa.

Sasa anafungua droo na kutoa karatasi ya gari hilihili, aliyoiandika kabla halijafungwa tabo. Ni 214.

"Umepata farasi sabini na saba. Kwa tabo kubwa namna hii, hawatoshi," anamwambia mwoka mikate, kidole kikifuata mstari kwenye kompyuta. "Ona hapa. Unapanda vizuri, halafu unalala. Tabo inasukuma, hewa haifiki. Kuna mahali inavuja."

"Au mashine ni mbovu," mtu mmoja ananong'ona. Shemeji mtu anatazama viatu vyake.

Fundi wa injini anajaza moshi kwenye bomba la hewa ili aone unakotokea. Dakika ya kwanza hakuna kinachotoka. Dakika ya pili moshi unachungulia chini ya bomba: klempu, kile kibanio cha bomba, imekaa upande, haijabana.

"Kumbe!" Mwoka mikate amepiga magoti sakafuni. "Miezi miwili naendesha tundu!"

Klempu inakazwa. Mama Mizani anawasubirisha nusu saa injini ipoe, na hakuna anayethubutu kumharakisha. Kisha anakimbiza gari mara tatu. Ya kwanza haihesabiwi. Ya pili: 363. Ya tatu: 361.

Karakana inalipuka kwa vigelegele. Mwoka mikate anamkumbatia fundi na kumpaka unga.

"Mama, niandikie basi hiyo sitini na tatu!"

"Mia tatu sitini na moja," anasema Mama Mizani, na kalamu inaandika hivyo hivyo.

Mwoka mikate anaisoma karatasi hiyo mara mbili, kisha anaichana ile ya mia tatu themanini. "Jumamosi ijayo nakuletea wenzangu watano. Nao wana karatasi za kule."

Kando ya mlango, shemeji anaongea na simu. "Mashine haiuzwi. Ndiyo, ndugu yangu, najua ulishapima mlango."

Mama Mizani anamsikia. Anavua viziba masikio, anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, na hajali nani anamwona.

Ukutani juu ya meza yake kuna karatasi ya gari lake mwenyewe, jeupe, dogo, la zamani: farasi 58. Anadunduliza ili alifunge tabo kabla mwaka haujaisha.

"Nataka nilione linafika mia," anasema, akitabasamu. "Likiishia tisini na tisa, nitaandika tisini na tisa."